Namna ya Kufungua Bolti Iliyolika Kichwa

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Kabla ya somo: Mwalimu wa darasa aandike maneno haya ubaoni, na wanafunzi wayasome pamoja kwa sauti: bolti, nati, spana, kutu, nyuzi, tupa, tindo. Ikiwezekana, alete darasani bolti moja na nati yake, pamoja na spana mbili zisizolingana.

Maneno ya mwalimu wa redio:

Leo tutasema juu ya kitu kidogo ambacho chaweza kulilaza gari kubwa siku nzima. Kitu hicho ni bolti iliyoganda, ambayo kichwa chake kimelika hata spana haikishiki tena.

Labda mtu atauliza, "Mimi sina gari. Somo hili lanihusu nini?" Lakini bolti haziko katika magari tu. Ziko katika baiskeli, katika pampu ya maji, katika mashine ya kusaga na katika jembe la kukokotwa na ng'ombe. Atakayeifahamu bolti ya gari, atazifahamu na hizo nyingine.

Bolti ni kitu gani?

Tazameni bolti iliyo mbele yenu. Ina kichwa na ina mwili. Mwili wake umezungukwa na mfereji mwembamba, unaopanda kwa kuzunguka mpaka juu. Mfereji huo ndio tunaouita nyuzi. Ndani ya nati mna nyuzi vilevile. Nyuzi za bolti huingia katika nyuzi za nati, nazo hushikana.

Sasa hesabuni pande za kichwa. Ziko 6, na pembe zake pia ni 6. Spana hukamata pande hizo na pembe hizo. Pembe zikiisha, kichwa huwa cha mviringo, na spana huteleza juu yake.

Bolti za kawaida hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, kama tufunguavyo kifuniko cha chupa. Lakini angalieni: mwendo huo ni kwa mtu anayekitazama kichwa cha bolti uso kwa uso. Mtu aliyelala chini ya gari huweza kuchanganyikiwa, akakaza badala ya kulegeza. Tena ziko bolti chache zenye nyuzi za upande wa kushoto, ambazo hufunguliwa kwa kufuata saa. Baadhi ya malori ya zamani yana nati za namna hiyo katika magurudumu ya kushoto. Basi kabla ya kutumia nguvu, ulizeni kwanza: hii yafunguliwa kwenda wapi?

Kwa nini bolti huganda?

Sababu ya kwanza ni kutu. Chuma kikipata maji na hewa pamoja, huliwa na kutu. Na kutu ina tabia moja ambayo watu wengi hawaijui: huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, zaidi ya mara mbili. Kati ya nyuzi za bolti na za nati mna nafasi ndogo sana. Kutu ikiingia hapo hujaa, ikabana kama kabari. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Ndiyo maana gari lililokaa miaka mingi Mombasa, Tanga au Unguja huwa na bolti ngumu kuliko gari lililokaa bara penye ukame.

Sababu ya pili ni kukazwa kupita kiasi. Mtu huona kuwa kukaza sana ndiko kuwa imara. Sivyo. Kila bolti ina kiasi chake, na kitabu cha gari hukitaja.

Sababu ya tatu ni chuma kukutana na alumini. Sehemu nyingi za injini za leo ni za alumini, na bolti ni za chuma. Unyevu ukiingia kati yao, alumini huliwa na kufanya unga mweupe, nao hubana kama kutu.

Kwa nini kichwa hulika?

Kichwa hulika kwa sababu ya spana isiyolingana nacho. Tuseme kichwa kina upana wa milimita 13, na mtu ametia spana ya 14. Tofauti ni milimita 1 tu. Lakini kwa ajili ya tofauti hiyo, spana haikai juu ya pande. Yagusa ncha za pembe tu. Ikivutwa kwa nguvu, pembe hukatika.

Kosa la pili ni kutumia spana ya mdomo wazi juu ya bolti ngumu. Spana hiyo hukamata pande 2 tu, na mdomo wake huweza kutanuka. Spana ya ringi, au boksi, hukizunguka kichwa chote. Na iliyo bora ni ile yenye pembe 6 ndani, kuliko yenye pembe 12, kwa sababu hulala vizuri juu ya pande za kichwa.

Hapa ndipo ulipo moyo wa somo letu. Mtu akiona bolti haiendi, huongeza nguvu. Lakini mara nyingi kinachokosekana si nguvu, bali ni mshiko. Nguvu bila mshiko ndiyo inayokula kichwa. Spana ikiteleza mara moja, pembe hupungua kidogo. Ikiteleza mara tatu, pembe hazipo. Basi spana ikiteleza mara ya kwanza, acheni! Wekeni spana chini, mfikiri.

Tuseme gari la abiria limeharibika bomba la ekzosi. Dereva ataka kulibadili mwenyewe, ili asikose mapato ya siku. Bolti moja inayoliunga bomba na injini imeganda, na kichwa kimelika. Bolti mpya ya namna hiyo ni ya bei ndogo. Lakini hii ikikatikia ndani ya injini, itabidi fundi aitoboe kwa keekee. Akitoboa upande, ataharibu nyuzi za injini yenyewe. Hapo gari halilali siku moja. Lalala gereji siku nyingi, na gharama yake si ya bolti tena.

Kwanza, usalama

Gari likiinuliwa, wekeni vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Jeki ni ya kuinulia gari. Si ya kulishikilia wakati mtu yuko chini yake. Tieni stendi za chuma zilizo imara, kisha litikiseni gari kidogo kabla ya mtu kuingia chini. Msitumie matofali, kwa maana tofali huweza kupasuka ghafula.

Vaeni miwani ya kukinga macho. Kutu huanguka machoni, na nyundo hurusha vipande vya chuma. Ngojeni ekzosi ipoe. Na mnapotumia spana, ivuteni kuja kwenu, msiisukume. Spana ikiteleza huku unasukuma, mkono huenda kugonga chuma, na ngozi ya vidole hubaki huko.

Sasa tutafuata hatua, moja baada ya moja. Zimepangwa kwa makusudi. Hatua za mbele haziharibu kitu, na za mwisho huharibu bolti yenyewe. Msiruke hatua.

Hatua ya kwanza: kusafisha

Sugueni kutu na matope kwa brashi ya waya, juu ya kichwa na penye nyuzi zinazoonekana. Uchafu hufanya spana isiingie mpaka chini. Spana iliyoingia nusu hushika nusu.

Hatua ya pili: mafuta na kungoja

Tieni mafuta mepesi ya kupenya. Yako yanayouzwa madukani katika kopo la kupuliza. Yakikosekana, mafuta ya taa au dizeli husaidia kiasi, ingawa si sana. Msitumie petroli, kwa sababu hushika moto upesi. Wala msimwage mafuta juu ya sahani za breki au vitambaa vyake, maana breki zitateleza.

Mafuta yatiwe pale nyuzi zinapoingia, si juu ya kichwa tu. Kisha ngojeni. Watu wengi hutia mafuta, wakangoja dakika 2, wakasema hayafai kitu. Mafuta hupenya pole pole katika nafasi nyembamba kuliko unywele. Ngojeni dakika 15 kwa uchache, mtie tena. Kama gari laweza kukaa, tieni jioni na mrudie asubuhi. Mafuta hufanya kazi usiku, mwenye gari amelala.

Hatua ya tatu: kugonga

Gongeni kichwa cha bolti kwa nyundo, moja kwa moja juu yake, mapigo mengi ya wastani. Si kwa hasira. Kutu ni kitu kikavu chenye kuvunjika. Mtikisiko huipasua, na mafuta hupata njia ya kuingia. Kama mnagonga upande wenye nyuzi, pachikeni nati ya zamani kwanza, ili ncha isipondeke.

Hatua ya nne: kutafuta mshiko mpya

Sasa tafuteni ringi au boksi yenye pembe 6, iliyo ndogo kidogo kuliko kichwa kilivyokuwa. Kama kichwa kilikuwa cha milimita 13, jaribuni ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7. Kama kilikuwa cha 14, jaribuni ya 13. Kama kilikuwa cha 17, jaribuni ya 16. Igongeni kwa nyundo mpaka ikae juu ya kichwa kwa nguvu. Yenyewe itajichongea pembe mpya. Lakini boksi iwe ya zamani, msiyoihurumia.

Mkiisha kuipachika, msilegeze mara moja. Kazeni kidogo kwanza, kama kiasi cha unywele. Kisha legezeni. Kazeni tena, legezeni tena. Mwendo huo wa kwenda na kurudi huvunja kutu bila kuikata bolti. Bolti ikianza kwenda, msiifungue kwa mwendo mmoja. Fungueni robo mzunguko, rudisheni kidogo, tieni mafuta.

Wako watu wanaotia bomba refu katika mkono wa spana. Urefu ukizidi mara mbili, nguvu ya kuzungusha nayo huzidi mara mbili. Jambo hilo lafaa penye bolti nene na mshiko mzuri. Lakini bolti nyembamba, ya milimita 8 au chini yake, hukatika kabla hamjajua.

Hatua ya tano: tupa, koleo na tindo

Boksi ikishindwa, chukueni tupa. Chongeni pande 2 za kichwa zinazoelekeana, ziwe bapa na sawasawa. Kisha tieni spana ndogo inayobana barabara juu ya pande hizo mpya. Au tumieni koleo la kujifunga, ambalo mafundi huliita vaisigripu. Likazeni mpaka meno yake yazame katika chuma.

Hilo likishindwa, chukueni tindo na nyundo. Wekeni ncha ya tindo karibu na ukingo wa kichwa, mgonge mpaka ipatikane alama. Kisha ilazeni tindo kuelekea upande wa kufungulia, mgonge. Kila pigo husukuma na kutikisa kwa pamoja. Tangu hatua hii kichwa hakifai tena, na bolti hiyo lazima itupwe.

Hatua ya sita: moto

Chuma kikipata moto hutanuka. Nati ikipashwa moto, tundu lake hupanuka kidogo. Tundu la milimita 10, likizidishiwa joto kwa digrii 300 za Sentigredi, hupanuka kama sehemu tatu au nne katika mia za milimita. Ni kidogo mno, lakini chatosha kuvunja mshiko wa kutu. Kwa hiyo pasheni moto nati, au chuma kinachoizunguka bolti, si bolti yenyewe.

Lakini hatua hii si ya kila mtu. Msiwashe moto karibu na tangi la petroli, mabomba yake, mabomba ya breki, mpira au nyaya. Mafuta mliyotia nayo hushika moto, basi yafuteni kwanza. Kama mlitumia dawa ya kusafishia breki, msipashe moto kabisa, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zikipata moto hutoa hewa yenye sumu ya kuua. Penye shaka, mwiteni fundi.

Hatua ya saba: kazi za fundi

Zimebaki njia mbili. Ya kwanza, fundi wa kuchomea huweka nati mpya juu ya kichwa kilicholika, akaichomelea ndani ya tundu lake. Bolti hupata kichwa kipya chenye pembe 6, na joto la kuchomea huvunja kutu. Njia hii hufaulu mara nyingi. Kabla ya kuchomea, waya wa betri wa upande wa kutoa ufunguliwe, ili umeme usiharibu vyombo vya gari.

Ya pili ni kukikata kichwa. Fundi hupiga alama katikati yake, akatoboa kwa keekee ndogo, kisha kubwa zaidi, mpaka kichwa kidondoke. Kichwa kikitoka, mvuto uliokuwa ukiibana bolti huisha. Kipande kinachobaki mara nyingi hutoka kwa koleo. Na kama bolti ina nati kwa nyuma, kama zilivyo nyingi za ekzosi, msumeno wa chuma huikata upesi kuliko ubishi wa saa nzima.

Bolti mpya

Bolti iliyolika isirudishwe, hata ikionekana inafaa. Mkiirudisha, mnajiwekea taabu ya kesho. Nunueni mpya yenye unene uleule, urefu uleule na nyuzi zilezile. Tazameni pia namba zilizochapwa juu ya kichwa, kama 8.8 au 10.9. Namba hizo hueleza uimara wa chuma. Bolti ya 10.9 ni imara kuliko ya 8.8. Msitie dhaifu mahali penye imara, hasa katika breki na usukani, kwa maana hapo bolti hushika roho za watu.

Safisheni nyuzi za tundu. Anzeni kuizungusha bolti kwa vidole, si kwa spana. Vidole hujua kama imeingia upande. Spana haijui, italazimisha tu. Kisha kazeni kwa kiasi kilichotajwa katika kitabu cha gari.

Na bolti zilizolika za breki, za usukani, au zilizo karibu na mfuko wa hewa wa kukinga abiria, msizijaribu kwa tindo wala moto. Hizo mpelekeeni fundi mapema, kabla kichwa hakijaisha. Fundi aletewaye bolti yenye pembe 4 zilizobaki ana njia nyingi. Aletewaye kichwa cha mviringo ana chache.

Basi, ndugu wasikilizaji, kumbukeni maneno manne: safisha, ngoja, shika, ndipo uzungushe. Wengi huanza na la mwisho. Sasa nawaachia walimu wenu wa darasa. Kwaherini mpaka somo lijalo.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini kutu huifanya bolti ibane?
2. Spana ya pembe 6 yapita ya pembe 12 kwa jambo gani?
3. Kichwa kina milimita 13. Spana ya nusu inchi ni milimita 12.7. Tofauti ni kiasi gani?
4. Tunapasha moto bolti au nati? Elezeni sababu.
5. Kwa nini mtu asilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake?
6. Ni bolti gani katika kijiji chenu, mbali na za magari, zinazohitaji kutunzwa zisiingie kutu?

Zoezi la kuandika

Andika sentensi 4 za kumweleza mwenzako afanye nini spana inapoteleza mara ya kwanza. Kisha msomee mwenzako, naye akuulize lile asilolifahamu.